Uso Uliofungia Misumari

Jirani hakuwahi kugonga mlango wangu. Alisimama upande wake wa ua wa matete uliotenganisha nyumba zetu pale Nyamitaba, katika Masisi ya Kongo, akashika kebo ya buluu iliyopita juu ya ua huo, akaitikisa kama mtu anayeita mbuzi kwa kamba. Ndani, nilipoiona ikicheza nyuma ya kompyuta yangu, nilijua ninaitwa.

"Mama Mwalimu! Uko?"

"Niko, Papa. Utaikata hiyo kebo yako."

"Ikikatika nitaunga. Njoo kwa dirisha."

Nitamwita Jirani tu, kwa kuwa hilo ndilo jina alilolitumikia. Wengine walimwita Papa wa Misumari, maana alikuwa na kenkayeri, duka la misumari, mabati na kufuli. Alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wa upande wa Butembo, wale wenye rozari mfukoni na hesabu kichwani. Mimi ni mtu wa hapa, wa familia iliyolima vilima hivi tangu zamani. Nilimaliza shule nikiwa tayari mke wa mtu, na diploma yangu niliipata wakati wenzangu wa rika walikuwa wanaozesha mabinti. Sikuona haya. Tangu hapo ninaheshimu tarehe: kila asubuhi niliiandika ubaoni kabla ya neno lingine lolote, na hata leo siwezi kusimulia jambo bila kusema lilikuwa siku gani.

Ninamwandika kwa sababu ya uso wa mume wangu.

Mume wangu alifariki siku ya Alhamisi, mwezi wa nne, katika mvua kubwa, kwa homa ambayo hospitali ingeitibu kama barabara isingefungwa na watu wa bunduki. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Alikuwa ameacha picha moja tu, ndogo, ya kadi ya kazi. Ijumaa asubuhi Jirani aliiweka juu ya kioo cha printa yake, akaiingiza ndani ya kompyuta, akaikuza, akatuchapia kwa ajili ya matanga bila kuniuliza neno. Ile ndogo tuliibandika kwenye msalaba wa kaburi ndani ya plastiki, kama watu wetu wanavyofanya. Kufikia mwisho wa mwezi wa tano maji yalikuwa yameingia na kuinywa. Ilibaki kola ya shati. Faida, mtoto wangu wa pekee, alizaliwa mwezi wa saba. Basi baba yake alikuwa amebaki mahali pawili: ukutani kwangu, katika fremu nzito ya kioo, na ndani ya mashine.

Neno hilo, "ndani ya mashine", sote tulilitamka bila kuuliza mashine ipi.

Nyumba tatu zilikuwa zimeunganishwa: yake, yangu, na ya Mama Muuguzi wa kituo cha afya, ng'ambo ya njia. Kompyuta tatu, printa moja. Printa ilikaa dukani kwake, kati ya mzani na sanduku la bawaba, lakini kila mmoja wetu aliitumia kazi kutoka nyumbani: mimi mitihani ya darasa la tano, Mama Muuguzi karatasi za chanjo. Kompyuta yake, kasha zito la chuma lililokaa chini ya meza, alikuwa ameipa jina MUZEE. Yangu aliiita MAMA, ile nyingine DAWA, zote mbili ndogo za kukunja. Ndani ya MUZEE alifungua folda aliyoiita YA BOTE, yaani ya wote, na chochote alichoweka mmoja wetu humo, wote tulikiona kwenye vioo vyetu, kila mtu akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Sharti lilikuwa moja: MUZEE awe macho. Akilala yeye, hakuna aliyechapa, wala hakuna aliyefungua kitu cha YA BOTE. Umeme ulikuwa wa jua, na siku za ukungu, ambazo Masisi haina uchache wake, betri ilichoka mapema. Wapita njia walizoea kumsikia Mama Muuguzi akipaza sauti kutoka ng'ambo:

"Papa! Amusha Muzee!"

"Muzee iko anapumuzika!"

"Batoto ba chanjo banangoja!"

"Bangoje. Hata Mungu alipumuzika siku ya saba."

"Leo ni siku ya tatu, Papa!"

Alikuwa mchoyo wa sukari. Chai yake ilikuwa maji ya moto yaliyosikia habari za sukari kwa mbali. Kipande cha kamba alikiokota njiani, akakipuliza vumbi, akakitia mfukoni. Lakini mtu mwenye msiba hakumlipisha karatasi hata mara moja, na kebo ile ya buluu aliitoa Goma kwa nauli yake, akaipitisha nyumba hadi nyumba kwa mikono yake, akipanda ngazi kwa magoti mabovu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kana kwamba nimemtukana, akiiita printa kwa Kifaransa: "Emprimante moja inalala siku yote juu ya meza, na jirani anatembea mpaka Kitchanga juu ya karatasi moja? Hiyo ni akili ao ni wazimu?"

Radi aliiogopa kama mtoto. Wingu la kwanza likitokea upande wa Burungu alikuwa tayari anachomoa kebo zote na kupiga ishara ya msalaba. Ila risasi zilipolia upande huohuo wa Burungu, alikaa dukani akapima misumari, kilo baada ya kilo, bila mnunuzi. Sikuelewa kwamba hiyo nayo ni hofu hadi nilipomwona siku moja akimwaga kilo aliyokwisha kuipima na kuianza upya.

Jambo moja lilimfanya mkali kuliko dhambi, nalo ni nakala. Mama Muuguzi aliwahi kuweka orodha ya chanjo kwake na nyingine kwa MUZEE. Kila moja ikabadilishwa kivyake, na watoto wa mtaa mmoja wakachomwa mara mbili. Tangu siku hiyo Jirani alikataza. "Kitu kimoja, pahali pamoja," alisema, akigonga lile kasha kwa kidole cha mguu. "Ukiweka mbili, kesho hii inasema hivi, ile inasema vile, na sisi tunapigana juu ya kutafuta ya kweli." Tulitii. Mimi, niliyesoma kwa shida, nilipenda sheria inayoeleweka.

Kila Jumamosi saa tatu aliijaribu printa yake. Kebo ilitikisika, nami nikafika dirishani.

"Mama Mwalimu, tuma Bwana."

Maana yake nifungue YA BOTE, nichukue picha ya mume wangu, niitume kwa printa. "Akitoka," alinieleza mara ya kwanza, "njo tunajua mambo mbili: dosie ya bote inafunguka, na emprimante inasikia. Na bwana yako iko na shati nyeupe na koti nyeusi, na uso yake iko na rangi zote za katikati. Yeye akitoka muzuri, kila kitu kitatoka muzuri." Sitaficha kwamba nilifurahi. Mume wangu alikuwa mtu nadhifu, na niliona ni haki yake kuwa kipimo cha wengine.

Hadi Jumatano moja ya mwezi wa pili, sokoni. Mzee mmoja wa kuchunga ng'ombe alikuwa mbele yangu akinunua chumvi, na kwapani ameshika kifurushi cha misumari ya bati. Kwenye kifurushi hicho mume wangu alikuwa ananitazama kwa jicho moja; lile lingine lilikuwa limekunjwa.

Nilikwenda dukani moja kwa moja, kikapu kikiwa bado kitupu.

"Papa, mume wangu ni karatasi ya kufungia misumari?"

Hakukataa. Alitazama rundo la karatasi zilizoharibika karibu na mzani, na juu ya rundo alikuwa mume wangu tena, na mstari mweupe unaokata paji la uso, kwa sababu tundu moja la wino lilikuwa limeziba.

"Mama, hii ni zile za kujaribia. Zitatupwa?"

"Zichomwe."

"Karatasi ya muzima uchome? Wakati batu banafunga chumvi ndani ya majani?"

"Ulikula kwenye matanga yake!"

"Nilikula. Na nilimulilia." Akaigeuza kifudifudi karatasi ya juu. "Basi nitageuza uso ndani. Kwa inje watu bataona mweupe tu."

Nilidhani ameniahidi kuacha. Alichoahidi ni kile alichosema. Kwa miaka iliyofuata mume wangu aliendelea kutoka katika duka lile akiwa ameinamia misumari, na mimi sikujua.

Kuna kisa alichopenda kukisimulia, nami nilikiruhusu kwa kuwa kinampa heshima marehemu. Jumamosi moja watu wa barieri, kile kizuizi cha wenye bunduki njiani, walimtuma mkubwa wao aje kuchapisha jetoni, vile vikaratasi walivyowapa wapita njia baada ya kuwatoza. Jirani alijua kwamba ukimchapia huyu leo, kesho yule wa kilima kingine atakuja kukuua kwa hilo.

"Wino imeisha, shefu."

"Imeisha lini?"

"Jana. Ona, imekufa kabisa."

Na mimi nyumbani kwangu, nisijue lolote, nilikuwa nimeona saa tatu imefika na kebo haijatikiswa, nikasema moyoni amechelewa, nikamtuma Bwana bila kuitwa. Dukani printa ikawaka taa peke yake, ikakohoa, ikavuta karatasi. Hakuna aliyeigusa. Ikaanza kutoka nywele, kisha paji la uso, kisha macho.

"Huyu ni nani?" mwenye bunduki aliuliza.

"Ni jirani, shefu. Alikufa."

"Nani anamutuma?"

"Shefu, mimi nawe tuko hapa. Uliona muntu anamutuma?"

Yule mtu hakungoja kidevu kitoke. Jirani aliniletea karatasi ile mwenyewe, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akasema bila kucheka, "Mama, usitume tena kama sijakuita. Roho yangu ilikuwa inatoka pamoja na ile karatasi."

Tulikimbia Jumanne, mwezi wa kumi na moja, asubuhi, watoto wakiwa wamekwisha kupanga mstari mbele ya shule. Faida alikuwa darasa la kwanza. Safari hii risasi hazikukaa upande wa Burungu, zilishuka nasi. Nilikuwa na mikono miwili na mtoto mmoja. Nilisimama mbele ya ukuta, nikamtazama mume wangu katika fremu yake, nikaona uzito wa kile kioo, nikasema: yumo ndani ya mashine. Nikachukua kompyuta nikaifunga mgongoni kwa kitenge mahali pa mtoto, na mtoto nikamshika mkono. Mama Muuguzi naye aliacha makaratasi yake yote akabeba DAWA. Ndivyo tulivyofanya sote. Tulikuwa tumeona vitu vyetu kwenye vioo vyetu miaka yote hiyo. Nani angefikiri havimo?

Jirani angefikiri. Ndiye pekee aliyejua. Naye nilimkuta njiani, amejitwika kichwani printa.

Aliibeba hadi Sake, kisha hadi Kirotshe, katika mvua, ameivika mfuko wa saruji. Watu walimcheka hata katika hofu ile: "Papa, hiyo iko napikwa namna gani?" Mkono mmoja uliishika printa, mwingine ulipitisha rozari.

Kirotshe tulipokelewa katika banda nyuma ya hospitali, familia kadhaa chini ya turubai moja. Jumapili ya kwanza mtu mmoja wa huko aliniruhusu kuchaji. Faida alikaa magotini pangu. Kila Jumapili, kwetu, alizoea kumsalimu baba yake ukutani kabla ya misa.

"Mama, tumusalimie Papa."

Nilibofya YA BOTE. Kiduara kilizunguka muda mrefu. Kisha yakatokea maneno, kwa Kifaransa kikavu, kwamba njia ya kwenda MUZEE haionekani. Nilijaribu tena. Nilizima, nikawasha. Nilizunguka banda nikiwa nimeinua kompyuta kwa mikono miwili, kana kwamba nimebeba sahani, nikidhani labda inatafuta mahali pazuri pa kusikia. Kisha nikaenda kwa Jirani.

Alikuwa ameketi juu ya jiwe, printa mapajani. Alitazama kioo changu, na nikaona uso wake ukibadilika kabla sijasema.

"Mama Mwalimu. Bwana hakukuwa kwako."

"Nilimwona kila siku."

"Ulimuona. Kama vile unaona muntu kwa dirisha ya nyumba yake. Nyumba ilikuwa Muzee." Aliifuta printa vumbi kwa kiganja. "Na Muzee nilimuacha chini ya meza."

"Ukabeba hiyo?"

"Niliona emprimante. Nikasema, iko moja tu na ni ya bote. Nikabeba. Sijui, Mama. Sijui nilifikiri nini."

Nilifunua kifuniko cha printa, nikatazama juu ya kioo chake, labda karatasi moja ilibaki. Palikuwa patupu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, nikakifunga kifuniko, na tangu Jumapili ile sikumsemesha. Wiki mbili baadaye waliofika kutoka Nyamitaba walituambia kwamba mtaa wetu wote, kuanzia kenkayeri, ulikuwa umechomwa.

Watu hudhani njaa ndiyo mbaya kuliko yote katika banda. Njaa ina saa zake. Mimi nilikuwa na jambo lisilo na saa. Kila asubuhi nilimjenga mume wangu upya kichwani: nywele, paji la uso, macho. Mwaka wa kwanza alikuja. Mwaka wa pili pua ilianza kuwa ya kaka yake. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa tatu, nikiwa nateka maji ziwani, nilitafuta macho yake na sikuyapata. Nilipata yale ya picha ya kadi, na hata hayo yalikuwa yanakwenda. Faida alipoambiwa shuleni achore familia, alichora mama, akachora shati jeupe na koti jeusi, na juu ya kola akaacha karatasi tupu. Mwalimu mwenzangu alisema hajamaliza. Nilimwambia amemaliza.

Jirani aliondoka Kirotshe mwaka huohuo, akiiacha printa kwa mwenye kibanda cha kuchajia simu mbele ya lango la hospitali. Habari zake nilizipata kwa watu. Ameonekana Sake. Ameonekana anapanda na wauza viazi kila vita vinapopumua kidogo. Anaingia nyumba za watu, anauliza misumari ya zamani. "Jirani yako amerukwa na akili," aliniambia Mama Muuguzi. "Anaomba watu wamuoneshe vifurushi. Hataki misumari, anataka kuangalia tu. Wengine bamemupiga." Nilikuwa bado na hasira, na hasira ilinisaidia kusimama mbele ya darasa.

Alinijia Ijumaa, mwezi wa tatu, mwaka wa tano wa ukimbizi wetu. Nilikuwa nafuta ubao. Hakuingia, alisimama nje akagonga turubai la darasa kwa fimbo. Mguu mmoja ulikuwa umevimba hadi kiatu kimekatwa mbele. Alikuwa amekonda, na sauti ilikuwa inatoka kwa kukohoa.

"Mama Mwalimu. Uko?"

Niliweka kitambaa cha ubao mezani, nikajibu kama zamani. "Niko, Papa."

Akatoa kifuani kifurushi cha karatasi, kizito, kilichofungwa kwa kile kikamba chake cha kuokota.

"Mujane mumoja wa karibu na Nyamitaba," alisema. "Bwana yake alinunua kwangu kilo moja ya misumari ya bati. Wakamuua hajapata bado mabati. Mwanamuke alikimbia nayo mara tatu, hajaifungua. Aliniambia, nitajengea nini? Nikamuomba."

Kwa nje karatasi ilikuwa nyeupe. Nilitaka kuifungua haraka, akanizuia mkono. "Polepole. Kutu imeshika." Tuliifungua juu ya meza yangu, mkunjo baada ya mkunjo, tukiinua misumari mmoja mmoja pale ilipokuwa imegandana na wino. Ilitoka kola. Ikatoka mdomo. Mstari mweupe ulikata paji la uso. Kutu ilikuwa imetoboa shavu la kushoto na kuipaka koti rangi ya udongo. Macho yalikuwa mazima yote mawili.

Sikulia mbele yake. Nilimwita Faida, aliyekuwa darasa la tano sasa na mrefu karibu kunifikia bega. Alisimama akatazama muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliyeletwa kwa mgeni.

"Njo huyu?"

"Ndiye."

Akainama. "Masikio yake ni yangu," alisema, akashika sikio lake.

Jirani aligeukia njia, akajifanya anatazama ziwa.

Tulikwenda naye hadi kibanda cha kuchajia, taratibu, kwa ajili ya mguu wake. Printa ilikuwa palepale, kona moja imeyeyuka kwa jiko la makaa, na kando yake lilikuwa bado benchi dogo la misumari ambalo Jirani alilianza kabla hajaondoka. Jirani alilaza karatasi juu ya kioo, akafunga kifuniko kwa vidole viwili. Ikakohoa, ikavuta. Ya kwanza akampa Faida. Ya pili akanipa mimi. Akabonyeza tena.

"Papa, zinatosha. Kitu kimoja, pahali pamoja."

"Ile sheria nilitupa njiani, Mama." Akabonyeza tena. Karatasi zilitoka moja juu ya nyingine, na mvumo wa mizinga kutoka juu ya Sake ulifika na kupita bila yeye kugeuza kichwa.

Mtu mmoja wa kambini alisimama mbele ya benchi akataka misumari ya kubania turubai. Upepo wa ziwa ulikuwa umelipasua. Jirani alipima, akanyoosha mkono chini kutafuta kipande cha mfuko wa saruji. Nilichukua karatasi iliyokuwa juu ya rundo, ingali na joto, nikamwekea mbele yake.

"Funga na hii."

"Mama Mwalimu..."

"Funga, Papa. Uso nje."

Alinitazama, kisha akaikunja kama alivyojua kukunja, akaikaza pembe, akampa mteja. Yule mtu aliondoka akipanda kuelekea kambini, misumari kwapani, na mume wangu akitazama njia.